Somo la Redio kwa Watu Wazima: Merikebu za Mizuka

  Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, na kila mmoja awe na kalamu mkononi. Leo tutazungumza juu ya merikebu za mizuka. Msiogope. Tutaanza na hofu, lakini hatutaishia katika hofu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. "Mzuka" limetoka katika "kuzuka", yaani kutokea ghafula pasipo kutazamiwa. Merikebu ya mzuka ni ya namna mbili, wala tusizichanganye. Namna ya kwanza ni chombo cha hadithi: watu wanasema wamekiona, lakini hakuna aliyekigusa kwa mkono wake. Namna ya pili ni chombo cha kweli, cha mbao au cha chuma, kilichokutwa kinaelea bila mtu ndani.

Tuseme umesimama Feri alfajiri, samaki hawajaanza kunadiwa. Unaona ngalawa inaingia mlangoni mwa bandari pole pole. Tanga limelegea, usukani unachezacheza, wala hakuna mtu anayepiga kelele kuomba nafasi. Inakaribia. Ndani mna nyavu, mna dumu la maji, mna kandambili moja. Mtu hamna.

Watu watasema nini? Mmoja atasema, "Wamechukuliwa na chunusi." Wa pili atasema, "Hiyo ni ngalawa ya majini, msiiguse." Wa tatu atauliza, "Ngalawa hii ni ya nani, na jana walitoka watu wangapi?"

Somo letu la leo ni swali la huyu wa tatu.

NAHODHA ALIYEAPA

Hadithi ya merikebu ya mzuka iliyoenea zaidi duniani ni ile ya Flying Dutchman, maana yake Mholanzi Arukaye. Wasimulizi husema kwamba nahodha mmoja wa Kiholanzi alikuwa akitaka kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika. Upepo ukamkataa. Mabaharia wakamsihi arudi, wangoje bahari itulie. Yeye akaapa kwamba ataizunguka rasi ile hata ikimlazimu kusafiri mpaka Siku ya Kiyama. Basi kiapo kikamshika. Tangu siku ile, husema wasimulizi, merikebu yake haifiki bandari yo yote, na chombo kitakachoiona kitapatwa na msiba.

Hadithi hiyo ilianza kuonekana katika vitabu mwishoni mwa karne ya 18. Mjerumani Richard Wagner aliigeuza kuwa mchezo wa kuimba, ukaonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1843. Mwaka wa 2006 ilionekana tena katika filamu ya Marekani ya Pirates of the Caribbean. Labda baadhi yenu mliiona katika kibanda cha video, mkashangaa kuona mabaharia wenye nyuso za pweza na kaa.

Wako pia watu wenye heshima zao waliosema kwamba waliiona. Tarehe 11 Julai 1881 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Inconstant ilikuwa karibu na Australia. Ndani yake alikuwamo kijana wa ukoo wa kifalme, George, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Mfalme George wa Tano. Katika habari za safari ile imeandikwa kwamba alfajiri kabla ya kucha ilionekana merikebu katikati ya mwanga mwekundu wa ajabu, kisha ikatoweka kabisa. Watu 13 waliiona.

Je, watu wale walikuwa waongo? Si lazima. Mtu aweza kusema kweli juu ya alichokiona, na bado jicho lake likawa limedanganyika.

JINSI JICHO LINAVYODANGANYIKA

Ukipita barabara ya lami saa saba mchana, jua likiwa kali, utaona mbele yako kama dimbwi la maji linang'aa. Ukifika hapo ni pakavu. Hayo ni mazigazi. Lami imeipasha moto hewa iliyo karibu nayo, na mwanga unaopita kati ya hewa ya moto na hewa ya baridi haunyooki, bali hupinda. Jicho halijui kwamba mwanga umepinda. Kwa hiyo huiona mbingu chini, ikadhani ni maji.

Baharini mambo huweza kuwa kinyume chake. Maji baridi huipoza hewa iliyo chini, na hewa yenye joto hukaa juu yake. Mwanga hupinda kwa namna nyingine, nayo merikebu iliyo mbali sana, hata ile iliyojificha nyuma ya upeo wa macho, huonekana imenyanyuliwa juu, wakati mwingine imepinduka, milingoti chini. Hewa ikichanganyika tena, picha hufutika mara moja. Baharia aliyechoka, ambaye tangu utoto amesikia hadithi ya Mholanzi, ataiita kwa jina alilolijua.

Jambo la pili ni mikondo ya bahari. Chombo kisicho na nahodha hakisimami. Katika pwani yetu mkondo huelekea kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao husukuma upande huo huo. Kwa hiyo mashua iliyokatika kamba yaweza kuokotwa mbali sana na kwao, mbele ya watu wasioijua. Kwao ni mzuka. Kwa mwenyewe ni mali iliyopotea.

Chukueni mfano wa Japani. Tarehe 11 Machi 1911? La, ndugu zangu, sikilizeni vizuri msije mkaandika makosa: ni tarehe 11 Machi 2011. Siku hiyo mawimbi makubwa yaliyotokana na tetemeko la ardhi yaliikokota meli ya uvuvi iliyoitwa Ryou-Un Maru. Haikuwa na mtu. Ilivuka Bahari ya Pasifiki peke yake kwa muda wa mwaka mzima, mpaka ikaonekana upande wa Amerika. Tarehe 5 Aprili 2012 walinzi wa pwani wa Marekani waliizamisha kwa mizinga, kwa sababu meli isiyo na taa wala nahodha ni hatari kwa meli nyingine. Hapo hapakuwa na jini. Palikuwa na wimbi, upepo na mkondo.

MERIKEBU ZA KWETU

Pwani yetu nayo imeona vyombo vya namna hii. Katika vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, ambavyo havikuchukua hata saa moja, manowari za Kiingereza ziliizamisha meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow mbele ya jumba lake. Maji ya pale hayakuwa ya kina kirefu. Milingoti yake mitatu na dohani yake vilibaki vimetokeza juu ya maji mpaka mwaka wa 1912, meli ilipovunjwavunjwa. Kwa miaka zaidi ya 15 kila chombo kilichoingia Unguja kilipita karibu na meli iliyokufa imesimama. Mtoto aliyezaliwa baada ya vita, akiiona milingoti ile usiku wa mbalamwezi, angewezaje kujua ni nini, asipoambiwa?

Tena iko habari ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoondoka katika bandari yetu ya Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 1914. Tarehe 20 Septemba ilizuka Unguja alfajiri, ikaipiga manowari ya Kiingereza Pegasus, kisha ikatoweka. Waingereza waliitafuta baharini wasiione. Kumbe ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, na milingoti yake imefunikwa kwa matawi. Iligunduliwa mwisho wa Oktoba, ikaharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliipakua mizinga yake kumi, wakaendelea kupigana nayo katika nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo uko Mombasa, katika Ngome ya Yesu.

Na katika Ziwa Tanganyika iko meli iliyotoka kaburini. Wajerumani waliiita Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza waliipaka injini grisi nyingi isile kutu. Mwaka wa 1924 ilitolewa majini, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Imechukua abiria na mizigo kwa miaka mingi mno baada ya hapo.

Kama habari hizi zisingeandikwa, leo tungekuwa na mizuka mitatu: meli iliyosimama majini Unguja, meli iliyomezwa na mikoko ya Rufiji, na meli iliyofufuka Kigoma. Kwa kuwa ziliandikwa, tunajua nani aliizamisha kila moja, lini, na kwa nini.

KIBAO CHA MARY CELESTE

Sasa tufike katika merikebu iliyo mashuhuri kuliko zote zilizokutwa bila watu. Ilikuwa merikebu ya matanga ya Marekani, jina lake Mary Celeste. Iliondoka New York tarehe 7 Novemba 1872 kwenda Genoa, Italia, imepakia mapipa 1,701 ya spiriti. Ndani yake walikuwamo watu 10: nahodha Benjamin Briggs, mkewe, mtoto wao wa kike wa miaka miwili, na mabaharia saba.

Mapema mwezi wa Desemba merikebu nyingine, Dei Gratia, iliiona katika Bahari ya Atlantiki inakwenda ovyo ovyo. Mabaharia waliipanda, wakaita. Hapakuwa na jibu. Chakula kilikuwamo cha miezi, na shehena ilikuwa karibu yote mahali pake. Maji yalikuwa yameingia chini, lakini si ya kuizamisha. Mashua ya kuokolea watu ndiyo haikuwapo, na vyombo vya nahodha vya kupimia njia havikuwapo. Watu wale 10 hawakuonekana tena mpaka leo.

Hapa nataka msikilize kwa makini, kwa maana jambo hili lawahusu ninyi mnaojifunza kuandika. Ndani ya merikebu ile palikutwa kibao, kama vibao ambavyo watoto walivitumia shuleni zamani. Mabaharia walikuwa wakiandika juu yake, saa baada ya saa, mwendo wa chombo na mahali kilipo. Maandishi ya mwisho yalikuwa ya saa mbili asubuhi, tarehe 25 Novemba 1872, merikebu ikiwa karibu na kisiwa cha Santa Maria katika Visiwa vya Azores.

Maneno machache tu kwa chaki! Lakini kwa maneno hayo watu walijua kwamba mpaka saa ile chombo kilikuwa katika njia yake, na mtu mwenye akili timamu alikuwa zamuni. Walijua msiba ulikuja baada ya saa ile, na walijua ni wapi. Na kwa kuwa mashua haikuwapo, walijua kwamba watu waliondoka kwa miguu yao wenyewe na hawakunyakuliwa. Wengi waliochunguza wanadhani kwamba nahodha aliogopa: ama alidhani chombo kinazama, ama alihofu mvuke wa spiriti usije ukalipuka. Akawashusha watu katika mashua wangoje pembeni, na merikebu ikawaacha.

HADITHI HUKUA

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwaka wa 1884 mwandishi wa Kiingereza Arthur Conan Doyle alitunga hadithi juu ya merikebu kama hiyo, akaiita Marie Celeste. Ilikuwa hadithi ya kutunga, bali wasomaji wengi waliichukua kuwa kweli. Wasimulizi wengine wakaongeza yao: kwamba vikombe vya chai vilikutwa mezani vingali vya moto, kwamba mashua zote zilikuwapo mahali pake. Walioipanda merikebu ile hawakuyasema hayo mbele ya mahakama kule Gibraltar. Chai ile ilichemshwa na wasimulizi.

Basi tunayo mambo mawili mezani. Upande mmoja kuna kibao cha chaki, ambacho hakina utamu lakini ni cha kweli. Upande wa pili kuna chai ya moto, ambayo ni tamu kusimulia lakini haikuwapo. Wazee wetu husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, li njiani laja." Mithali hiyo ina mahali pake. Lakini katika mambo ya roho za watu, tufuate ile nyingine: "Mali bila daftari hupotea bila habari."

WATU BILA DAFTARI

Mtasema, "Mwalimu, Mary Celeste ni ya mbali na ya zamani." Haya, turudi nyumbani. Kama iko merikebu isiyo na watu, wako pia watu wasio na merikebu: abiria waliosafiri, wakazama, na jina lao halikuandikwa mahali po pote. Hao ndio ninaowahofia zaidi kuliko mizuka yote niliyoitaja.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza. Abiria wa vyumba vya daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Maana yake ni kwamba mwenye nauli kubwa alikuwa na jina, na mwenye nauli ndogo hakuwa nalo. Mamia ya watu walikufa, na hesabu zilizotajwa hazikulingana.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli ya kuchukua watu wasiofika 700. Mwanzoni palisemwa kwamba ndani walikuwamo watu kama 800. Baada ya uchunguzi, mwaka wa 2012, palitajwa zaidi ya 2,400. Tazameni tofauti hiyo, kisha mtoe hesabu katika madaftari yenu. Kati ya 800 na 2,400 ni watu 1,600, nao ni kama umati wa watu mnaokutana nao sokoni Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu. Umati mzima, na daftari haukuujua!

Na tarehe 18 Julai 2012 boti ya MV Skagit, iliyotoka hapa hapa bandarini Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Wako waliosikia honi yake ikiondoka mchana ule.

Fikirini hali ya mama aliyebaki nyumbani. Mumewe aliaga kwamba anakwenda Pemba. Maiti haikuonekana, jina halimo katika orodha. Je, akae eda, au angoje? Mirathi igawanywe, au isigawanywe? Watoto waambiwe baba amekufa, au yu safarini? Hapo ndipo mizuka huzaliwa. Mtu atakuja kusema, "Nimemwona mumeo Mombasa, anauza maji." Mwingine atasema, "Wamechukuliwa na majini, watarudi baada ya miaka saba." Na mama atasadiki, kwa sababu hakuna karatasi ya kumjibu. Jina moja lililoandikwa kabla ya safari lingemwondolea mateso hayo, hata kama lisingemrudishia mumewe.

TUFANYE NINI?

Kwanza, ukikata tikiti ya chombo cho chote, toa jina lako kamili, kisha lisome kwenye tikiti. Sasa mnajua kusoma. Msikubali jina la mtu mwingine. Tikiti ya mlanguzi yenye jina la Juma, wewe ukiwa Hamisi, siku ya msiba itamzika Juma aliye hai na kumpoteza Hamisi aliyekufa.

Pili, andikisha mtoto. Mtoto wa mgongoni naye ni mtu, ingawa halipi nauli.

Tatu, ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Hakuna aibu katika kushuka. Yule nahodha Mholanzi wa hadithini aliona aibu kurudi, na mmesikia yaliyompata.

Nne, ninyi wavuvi, kabla ya kutoka andikeni katika karatasi na kuiacha kwa mtu wa pwani: mnakwenda wangapi, majina yenu, mnaelekea wapi, mtarudi lini. Mistari minne yatosha. Ndicho kibao chenu.

MANENO YA LEO

Mzuka: kitu kinachotokea ghafula, hasa cha kutisha.
Mazigazi: picha ya uwongo inayoonekana kwa kupinda kwa mwanga.
Mkondo: mwendo wa maji ya bahari au mto kuelekea upande mmoja.
Shehena: mizigo iliyomo chomboni.
Orodha: majina au vitu vilivyoandikwa kwa mpango.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini watu wa Inconstant waweza kuwa walisema kweli, na bado merikebu waliyoiona haikuwapo pale?
2. Maandishi ya kibao cha Mary Celeste yalitujulisha mambo gani?
3. Katika MV Bukoba, ni abiria gani hawakuwa na orodha? Wewe waonaje juu ya jambo hilo?
4. Mulizeni mzee mmoja mtaani kwenu habari ya chombo kilichopotea. Andikeni aliyoyaona yeye mwenyewe upande mmoja wa karatasi, na aliyoyasikia kwa watu upande wa pili.

KAZI YA NYUMBANI

Andika karatasi ya safari ya ngalawa yenye watu watatu, kama nilivyoeleza. Mpe mwenzako aisome. Akiweza kujua ni nani, wapi na lini bila kukuuliza, umeandika vizuri.

Naam, wakati wetu umekwisha. Mtakaosafiri kwa bahari kabla ya somo lijalo, nawatakia safari njema, na nawaomba msipande chomboni kabla hamjahakikisha kwamba majina yenu yameandikwa. Kwaherini.